Fomu inauliza jina la baba: leseni na vijana waliotoka makao ya watoto, Handeni na Korogwe



Kwenye majukwaa yetu tunazungumza sana Katiba mpya, tume huru na bei za bidhaa. Ni sawa, na tutaendelea kuzungumza. Leo naomba tushuke kidogo mpaka kwenye kadi ya plastiki inayokaa mfukoni, kadi ambayo kwa kijana wa Handeni na Korogwe ndiyo inaamua kama atakula kwa jasho lake au atakula kwa kujificha. Nazungumzia leseni ya udereva. Na ndani ya hilo nataka kumzungumzia kijana mmoja ambaye hata sisi wa upinzani huwa tunamsahau: aliyelelewa kwenye makao ya watoto, au kwa mlezi ambaye si mzazi wake, akafikisha miaka 18, akaambiwa sasa wewe ni mtu mzima, nenda.

Niseme mapema ili nisionekane nasimulia ya kusikia. Mimi ni mmoja wao. Nimelelewa makaoni upande wa Handeni, leo naishi na kufanya kazi Korogwe, pikipiki ya mkataba. Makao yenyewe siyataji, na ofisi nitakazozieleza hapa sizitaji pia. Shida yangu si na mtu mmoja aliyekaa dirishani. Shida yangu ni na utaratibu, na utaratibu una mwenyewe: una serikali iliyouweka na una chama kilichokaa madarakani miaka yote hiyo.

Tuanze na hali ya kwetu. Ukitoka Dar kwenda Kaskazini au Tanga lazima upite kwetu. Mkata, Kabuku, Segera, halafu pale njia inagawanyika: kulia Tanga, kushoto Korogwe, Mombo na kuendelea Moshi. Barabara ya lami kutoka Korogwe kwenda Handeni mjini ni kama kilomita 65, na kutoka hapo unaibukia Mkata. Ndani ya hiyo pembetatu ya lami kuna vijiji vingi ambavyo daladala haifiki, na ikifika ni mara moja kwa siku. Mjamzito anafikaje zahanati? Bodaboda. Gunia la mahindi linafikaje mnadani? Bodaboda. Mwalimu aliyepangiwa shule ya porini anafikaje kazini? Bodaboda. Kazi nyingine zipo, ndiyo. Kuna mkonge, kuna machungwa, kuna mashamba ya mahindi mvua ikikubali. Lakini kijana asiye na shamba la babu wala mtaji wa mjomba, mlango ulio karibu yake ni pikipiki.

Na kijana wa makaoni ndiye hasa asiye na shamba la babu wala mtaji wa mjomba. Kwa Wazigua na Wasambaa unajua mwenyewe mjomba ni nani. Kijana akikwama anakwenda kwa mjomba. Sasa yule asiyemjua mjomba wake anakwenda kwa nani? Wahenga walisema yatima hadeki. Sawa, hatudeki. Ila kutodeka ni jambo moja, na kunyimwa karatasi ni jambo lingine.

Mwaka 2023 kauli ya Godbless Lema kuhusu kazi ya bodaboda ilizua mjadala mkubwa nchi nzima, na ndani yetu pia tuligawanyika. Sitaufufua mjadala ule. Msimamo wangu ni mwepesi: serikali isijisifu kwamba imetengeneza ajira kwa sababu vijana wamejinunulia pikipiki za mkopo. Wakati huohuo, kijana aliye juu ya pikipiki leo asubuhi ana haki ya kuwa halali leo asubuhi, wakati sisi tunaendelea kudai viwanda. Kuzuri zaidi, leseni si ya bodaboda peke yake. Angalia matangazo ya ajira za udereva serikalini. Dereva Daraja la Pili anatakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, leseni daraja la E au C, na uzoefu wa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Ule uzoefu na yale madaraja ya juu yanaanzia wapi? Yanaanzia kwenye leseni ya kwanza. Asiyepata ya kwanza hataifikia ya tano. Atabaki utingo wa Segera mpaka mvi zimtoke.

Sasa tuone njia yenyewe. Kwa utaratibu uliopo, unaanza kwa kusoma udereva kwenye shule inayotambulika. Unalipia leseni ya kujifunzia. Unafanyiwa majaribio na polisi wa usalama barabarani. Ukifaulu unapata cheti cha umahiri, unakwenda nacho TRA, unalipa, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri kadi. Kwenye karatasi njia hii imenyooka. Na mimi siilaumu hata kidogo kwa kutaka watu wasome na wapimwe. Februari 2023 pale Magila Gereza, hapahapa Korogwe, Coaster iliyokuwa imebeba msiba kutoka Dar kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Sisi tunaoishi kando ya barabara hii hatuhitaji semina ya kutufundisha kwamba barabara inaua. Mtihani uwe mgumu. Tena ningependa uwe mgumu kuliko ulivyo.

Tatizo liko kabla ya mtihani. Ili TRA ikupe leseni inakutaka uwe na TIN. Ili upate TIN unatakiwa uwe na namba ya NIDA. Ili NIDA ikusajili unatakiwa uwe na cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine za kukutambulisha, na fomu iliyojazwa taarifa za baba yako na mama yako, majina yao na walikozaliwa, kisha igongwe muhuri na serikali ya kijiji au mtaa unakoishi, kuthibitisha kwamba wanakufahamu. Ili upate cheti cha kuzaliwa ukiwa umeshakuwa mkubwa, RITA inataka ushahidi wa wapi ulizaliwa na nani alikuzaa: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, cheti cha shule, kiapo, vielelezo vya wazazi.

Soma tena hiyo mistari ukiwa umevaa viatu vya mtoto aliyeokotwa sokoni, au aliyeletwa na polisi, au aliyeachwa na bibi ambaye naye baadaye alifariki. Kila dirisha linauliza swali lilelile kwa sauti tofauti: baba yako nani?

Mimi nilipofika kwenye hilo swali niliambiwa, kwa lugha ya upole kabisa, "Basi dogo, mlete hata baba mdogo." Nikasema sina. Nikaambiwa nilete barua ya waliokulea. Nikaenda Handeni kuifuata. Nikarudi nayo Korogwe, ikaonekana haina muhuri wa ustawi wa jamii. Nikarudi Handeni. Afisa aliyekuwa analijua faili langu alishahamishwa, aliyepo akataka kwanza alitafute. Likapatikana. Nikarudi Korogwe, nikaambiwa sasa barua iko sawa, lakini mwenyekiti wa mtaa ninakoishi aandike kwamba ananifahamu. Mwenyekiti akasema ukweli wake: "Mwanangu, mimi nakuona unapita na pikipiki, lakini kwenu sikujui." Na wa Handeni niliyekulia kwenye kitongoji chake akasema na yeye ukweli wake: "Wewe siku hizi si mkazi wa hapa." Kwa hiyo nikawa mtu ambaye Handeni amehama na Korogwe hajafika. Nipo njiani, kilomita 65, na pikipiki yenyewe naiendesha bila leseni kwenda kutafuta karatasi za leseni.

Hilo la mwisho lirudie taratibu. Utaratibu unaotaka nisiendeshe bila leseni ndio ulionilazimisha niendeshe bila leseni. Sikuwa na njia nyingine ya kulipa nauli, kwa sababu pikipiki ndiyo nauli.

Leseni nilikuja kuipata, na leo ninayo. Lakini ilinichukua zaidi ya mwaka mmoja kupata karatasi, na wiki chache tu kujifunza, kufanya jaribio na kupiga picha. Nchi inayojali usalama barabarani ingekuwa na hesabu kinyume cha hiyo. Ingetumia muda mrefu kunifundisha kona, breki na alama za barabarani, na muda mfupi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Sasa kipindi hicho cha kungoja, kijana anaishije? Anaishi kwa kujificha. Anajua trafiki wanakaa wapi saa ngapi. Anajua njia za panya za kukwepa Manundu na njia za kuzunguka kwenye mkonge. Anafanya kazi zaidi usiku, ambapo barabara ni ya hatari zaidi, kwa sababu usiku ndiyo hakuna anayemsimamisha. Akisimamishwa, tuseme ukweli, mara nyingi haandikiwi faini. Anatoa kitu kidogo anapita. Bajeti ya mwaka 2021 ilipunguza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nakiri ilikuwa nafuu, na aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipigiwa makofi. Lakini faini ndogo humsaidia mwenye karatasi aliyekosea. Asiye na karatasi anakosa kila siku anapoamka, hata kama ameendesha vizuri kuliko wote kijiweni.

Na tajiri mwenye pikipiki naye anajua. Kijana mwenye leseni anaweza kujadiliana hesabu ya siku na muda wa mkataba. Asiye na leseni anachukua anachopewa, maana akibishana anaambiwa kwa leseni gani. Tena mkataba unataka wadhamini wawili. Kijana wa makaoni wadhamini anawatoa wapi? Anaishia kupewa pikipiki chakavu, hesabu ya juu na mkataba wa mdomo. Akipata ajali, kampuni ya bima inapata pa kuegemea ili igome, tajiri anasema pikipiki iliibwa, na yeye anabaki na mguu uliovunjika na deni la hospitali. Kijiweni kwetu tumewahi kuchangishana kumtoa wodini mwenzetu wa aina hiyo. Hatukuweza kumlaumu, na hatukuweza kumlaumu abiria aliyeumia naye. Wote walikuwa wanadaiwa na mtu wa tatu ambaye hakuwapo pale.

Huyo mtu wa tatu sheria inamtaja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, tena ni nzuri. Inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inasema mtoto ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi na ukoo wake. Inaweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa makao ya watoto. Inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na kuweka rejista ya watoto walio katika mazingira magumu zaidi na kuwasaidia ili wakue kwa heshima miongoni mwa wenzao na waweze kujitegemea.

Kujitegemea. Neno hilo limo. Sasa nauliza halmashauri zetu nne, yaani Handeni Mji na Wilaya, Korogwe Mji na Wilaya: mtoto aliye kwenye rejista yenu miaka kumi na mbili, mnayemjua jina, mnayemkagulia kitanda na chakula makaoni, inakuwaje siku anafikisha miaka 18 hana cheti cha kuzaliwa? Nani mwingine alitakiwa amkatie? Kama hana baba wa kuandika kwenye fomu, si ninyi ndio mliokaa kwenye nafasi ya baba? Baba gani anamtoa mwanawe nyumbani bila hata jina kwenye karatasi?

Kuna watakaosema mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano umeshaondoa tatizo hili. Mpango ule ulianzia Mbeya mwaka 2013 ukasambaa mkoa hadi mkoa, na ulipofika ulisaidia kweli. Lakini piga hesabu. Anayefikisha miaka 18 siku hizi, mwaka 2013 alikuwa tayari amevuka miaka mitano au anakaribia kuvuka, na mpango wenyewe haukufika kila mkoa mwaka ule. Kundi zima la vijana wanaoingia mtaani sasa limepita kando ya mpango huo. Hao ndio ninaowasemea.

Na kuna watakaosema serikali haina uwezo wa kumfikia kila kijana mmoja mmoja. Hapo ndipo mimi hucheka. Mwaka 2015 mashine za BVR zilipita kata kwa kata kuandikisha wapiga kura, zikachukua alama za vidole na picha hadi vijiji ambavyo gari hupita kwa msimu. Mwishoni mwa mwaka 2019 na Januari 2020, laini za simu zilipotaka kufungwa kwa wasio na namba ya NIDA, tuliona foleni na tuliona pia kasi ikiongezeka, na Rais wa wakati ule akasogeza mbele siku ya mwisho mpaka Januari 20. Tangu mwaka 2022 pale Msomera, Handeni, nyumba kwa mamia zimejengwa kwa ajili ya familia zilizotolewa Ngorongoro. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya Msomera, na mimi ninayo yangu, lakini huwezi kuniambia kwamba serikali inayoweza kujenga kijiji kizima Handeni inashindwa kupeleka mashine moja ya alama za vidole kwenye makao ya watoto ya Handeni hiyohiyo. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa.

Wenzetu walishaliona hili. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2000 inayoilazimu serikali ya mtaa kuendelea kumsaidia kijana anayetoka kwenye malezi yake baada ya miaka 18, kwa mshauri wake maalumu na mpango wa maisha ulioandikwa, na mwaka 2017 wakaongeza msaada wa mshauri huyo ufike hadi miaka 25. Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2014 lilikwenda moja kwa moja kwenye suala letu: likapitisha sheria ya kuwalipia vijana walio kwenye malezi ya serikali gharama za kujifunza udereva, leseni na bima. Waliona kwamba kijana hawezi kufika kazini wala chuoni bila kuendesha, na kwamba mlezi anaogopa kumwekea saini mtoto asiye wake. Sisemi tuige kila kitu. Florida wana hela na sisi hatuna. Nasema tu kwamba swali la nani anasaini badala ya mzazi si la ajabu, na limeshajibiwa mahali pengine na watu wa kawaida waliokaa wakaandika kifungu cha sheria.

Tena hela kidogo tunayo. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu kubainika, ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Tumeona sherehe za kukabidhi pikipiki, mkuu wa wilaya anawasha moja anapiga picha. Swali langu kwa hizo sherehe ni moja: wangapi kati ya waliokabidhiwa ufunguo walikabidhiwa na leseni? Na kijana asiye na kitambulisho cha Taifa aliingiaje kwenye kikundi? Hakuingia. Mkopo wa vijana unaanzia kwa kijana ambaye tayari ana karatasi. Aliye chini kabisa hata foleni haioni.

Kwa hiyo tunadai nini? Nayaandika kwa mstari ili yasipotee.

Kwanza, faili la karatasi lianze mtoto akiwa na miaka 16, si 18. Afisa ustawi wa jamii na msimamizi wa makao wahakikishe cheti cha kuzaliwa kimepatikana kabla mtoto hajamaliza kidato cha nne, na siku anayofikisha miaka 18 fomu ya NIDA iwe imeshajazwa inasubiri alama ya kidole tu. TIN inafuata hapo hapo.

Pili, barua moja, muhuri mmoja. Barua ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya itambulike na RITA, NIDA na serikali za mitaa kuwa inatosha badala ya taarifa za wazazi, na itambulike wilaya zote. Kijana aliyelelewa Handeni asirudishwe Handeni mara nne kwa sababu amepata kazi Korogwe. Kompyuta zipo, wasomane.

Tatu, siku ya karatasi. Kila robo mwaka RITA, NIDA, TRA na polisi wa usalama barabarani wakae eneo moja kwa siku mbili, leo Mkata, kesho Kabuku, robo ijayo Mombo au Magoma. Kijana aingie asubuhi na cheti cha shule, atoke jioni akiwa ameacha alama zake kwenye kila meza. Hii itawasaidia bodaboda wote, si wa makaoni peke yao.

Nne, sehemu ya ile asilimia 4 itumike kulipia mafunzo na leseni kabla ya kununua pikipiki. Ada ya leseni yenyewe si ndogo. Mwaka 2019 ada ya leseni ilipandishwa kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, na muda wake ukaongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Lakini hata ada ikishuka, kinachomkwamisha kijana ni jumla: shule ya udereva, nauli za kufuatilia, siku za kazi zilizopotea. Halmashauri ikilipia vijana wake waliotoka kwenye malezi, wengi wao hawajazi hata darasa moja. Kwa halmashauri ni fedha kidogo. Kwa kijana ni miaka mitano ya kulala usingizi.

Tano, mtihani ubaki mtihani. Asipewe mtu leseni ya huruma. Atakayefeli arudi darasani. Tukianza kuomba leseni za mezani tutakuwa tumeomba majeneza.

Sasa upande wetu, makamanda. Hatuwezi kulia na CCM tu halafu tukaenda kulala. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda kaingie. Andika swali, mpe diwani wako hata kama si wa chama chetu: halmashauri ina vijana wangapi waliofikisha miaka 18 makaoni au kwa walezi mwaka huu, na wangapi wana cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA? Tunataka idadi, si hotuba. Wasipokuwa na idadi, hilo nalo ni jibu, liandikwe kwenye kumbukumbu.

Viongozi wa vijana wa kata, tembeleeni makao yaliyo kwenye maeneo yenu. Msiende na kamera wala sabuni za kupigia picha. Ombeni ruhusa kwa msimamizi, mjitambulishe, mkae na wale wa kidato cha tatu na cha nne mwaelekeze hatua moja moja: RITA ndiyo kwanza, NIDA inafuata, halafu TIN, halafu shule ya udereva. Mimi hakuna aliyeniambia huo mpangilio. Nilianza na TRA nikarudishwa nyuma dirisha kwa dirisha. Kumpa mtu mpangilio hakugharimu hata shilingi.

Na wenyeviti wa vitongoji na mitaa, wa chama chochote, nawaomba kwa heshima zote, shikamooni wazee wangu. Kijana akija kuomba barua msimuulize kwanza ukoo. Muulizeni analala wapi, anafanya kazi wapi, nani anamjua kijiweni. Kama analala kwenye mtaa wako na anapumua hewa ya mtaa wako, huyo ni wako. Muhuri upo mezani kwa ajili yake.

Mwisho kabisa, kwako wewe dogo uliyetoka makaoni mwaka huu unasoma hapa kwa bando la kuazima. Usiendeshe abiria usiku bila leseni ukidhani ndiyo ujanja, ujanja huo mimi naujua unakoishia. Anza na cheti cha kuzaliwa wiki hii. Ukikwama kwenye kipengele cha baba, usiache nafasi ukaondoka. Dai barua ya ustawi wa jamii, ni haki yako, hauombi fadhila. Na ukikwama tena, njoo ofisi ya vijana ya kata yako, tutakwenda wote kwenye hilo dirisha. Tukienda kumi, hawatatuambia tulete baba mdogo.